Makumbusho madogo ya michezo chuoni: anza na majina, vikombe baadaye

Katika chuo tulichofanyia kazi hii hapa Tanga, kombe la kwanza tulilolikuta lilikuwa juu ya kabati la mafaili, limetiwa maua ya plastiki. Kombe la mpira wa pete. Kwenye kitako chake palikuwa na kibati kilichochongwa jina la mashindano, neno BINGWA na mwaka, na tarakimu ya mwisho ya mwaka huo ilikuwa imeliwa na kutu hadi haisomeki. Nilipita ofisi nne kuuliza nani walilileta. Hakuna aliyejua. Wasichana saba walicheza kwenye jua kali, wakashinda, wakapanda basi wakiimba hadi nyumbani, na sasa ushindi wao ulikuwa chombo cha maua.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyepewa chumba kimoja, pesa kidogo na agizo la "tutengenezeeni sehemu ya kuonyesha mafanikio ya michezo". Wengi huanza na fundi seremala: linachongwa kabati, vinapangwa vikombe, vinabandikwa vikaratasi, na majina ya wachezaji hutafutwa mwisho kama muda upo. Muda huwa haupo. Mimi nakushauri upindue utaratibu wote: watu kwanza, sauti zao, kisha vitu vyao, kisha chumba, na kabati liwe la mwisho.

Hatua ya kwanza: orodha ya watu

Nunua daftari kubwa la kaunta. Kila kurasa mbili ziwe za mwaka mmoja wa masomo. Upande wa kushoto andika mashindano ambayo chuo kilishiriki mwaka huo, kuanzia bonanza la ndani, SHIMIVUTA (mashindano ya vyuo), michezo inayosimamiwa na TUSA (chama cha michezo cha vyuo vikuu Tanzania), hadi safari za Afrika Mashariki kama zipo. Upande wa kulia andika majina ya waliokwenda. Mwanzoni utakuwa na kurasa tupu nyingi. Usiogope, utupu huo ndio utakaokuonyesha pa kutafuta.

Majina yanapatikana wapi? Wengi hukimbilia picha za zamani, lakini picha hazisemi majina. Nenda uhasibu. Karatasi za posho ndizo hazina kubwa kuliko zote, kwa sababu hakuna mchezaji aliyewahi kupewa hela ya chakula bila kusaini, na kwenye karatasi hiyo kuna jina lake kamili, tarehe, na mara nyingi mchezo wake. Baada ya hapo tafuta barua za kuomba basi, barua za kuwaombea wanafunzi ruhusa ya kukosa vipindi, na mafaili ya mshauri wa wanafunzi. Omba kibali cha maandishi kabla ya kufungua mafaili hayo, na unakili majina na matukio tu. Habari za ugonjwa au nidhamu ya mtu ziache zilipo.

Hapa ndipo pa kuamua pia maana ya mafanikio. Ukisema mafanikio ni vikombe tu, utakuwa na chumba cha timu mbili au tatu na wengine wote watapita bila kujiona. Mtanzania anayesimuliwa zaidi katika mbio ndefu duniani ni John Stephen Akhwari, na marathoni ya Mexico ya mwaka 1968 aliimaliza wa mwisho, goti limejeruhiwa na kufungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Kama makumbusho yako yasingekuwa na nafasi ya Akhwari, basi vigezo vyako vina kasoro. Sisi tuliweka vigezo vinne: walioshinda, waliokuwa wa kwanza kufanya jambo (timu ya kwanza ya wasichana ya soka, mchezaji wa kwanza kuitwa timu ya taifa), waliodumu, na waliowezesha. Katika hao waliowezesha yumo mzee aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa kila Jumamosi, na mama wa jikoni aliyeamka saa tisa usiku kuwapikia wasafiri. Majina yao yaandikwe kwa herufi zile zile.

Hatua ya pili: sauti kabla ya vitu

Ukishapata majina ishirini, anza kuwatembelea. Hapa Tanga mtu hatafutwi kwa muda mrefu. Ukiuliza Ngamiani kwamba nani alicheza mpira wa pete chuoni miaka hiyo, utaambiwa barabara ya ngapi, na mtoto atakutangulia hadi mlangoni. Usiende na kamera mkononi. Nenda kwanza na salamu, keti, kunywa ulichopewa, eleza umetumwa na nani na kwa nini. Siku ya pili ndiyo ya kurekodi.

Simu ya kawaida inatosha, ila iweke katika hali ya ndege ili isiitwe katikati ya mazungumzo, na ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, isidake mlio wa kila kikombe kinachogonga meza. Funga dirisha la barabarani kwa sababu ya bajaji na bodaboda. Pangeni muda usiogongana na adhana wala kengele ya shule. Mwanzo wa kila rekodi sema kwa sauti tarehe, mahali, jina lako na jina la anayehojiwa. Baada ya miaka kumi, faili lenye jina la tarakimu tupu halitakuambia chochote.

Kuhusu maswali, nitakupa moja tu lenye thamani kuliko mengine yote: "Siku hiyo ulivaa nini miguuni?" Nilijifunza swali hili kwa mama mmoja wa mbio za kupokezana vijiti. Nilikuwa nimemuuliza juu ya ushindi, akanijibu kama anayesoma taarifa: tulishinda, tulifurahi, tulipokelewa. Nilipomuuliza kuhusu viatu akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba raba zilikuwa jozi mbili kwa wasichana wanne, kwa hiyo wa kwanza akimaliza kipande chake alivua akampelekea wa tatu upande wa pili wa uwanja. Nguo, chakula, usafiri, nani alikopeshana nini: huko ndiko historia ilikojificha. Matokeo utayapata kwenye karatasi.

Kabla hujaondoka, soma naye fomu ya ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sauti, picha na historia ya mtu ni taarifa zake. Fomu iseme kwa Kiswahili chepesi: rekodi itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza, kama jina lake litatajwa, na kwamba anaweza kubadili nia. Wapo watakaokubali maandishi yao yasomwe lakini sauti isisikike. Heshimu hilo bila kubembeleza.

Picha zake usiondoke nazo. Zipige hapo hapo, karibu na dirisha lenye mwanga lakini bila jua la moja kwa moja, picha ikiwa imelazwa juu ya kitambaa cheusi, na upige upande wa nyuma pia, kwa maana huko ndiko kuna mhuri wa studio na maneno ya kalamu. Kumbuka kwamba kuwa na picha si kuwa na haki yake: kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, mpigapicha ana haki zake. Mhuri wa studio utakusaidia kumtafuta yeye au warithi wake.

Usiku ule ule hamisha mafaili. Nakala moja kwenye kompyuta ya chuo, ya pili kwenye diski ya nje iliyofungiwa jengo jingine, ya tatu mtandaoni.

Hatua ya tatu: kupokea vitu

Ukishasikiliza watu kumi, vitu vitakuja vyenyewe. Kijana ataleta jezi ya baba yake, mwamuzi mstaafu ataleta kipenga, mtu atakumbuka kwamba daluga alizotundika bado ziko uvunguni. Sasa unahitaji nidhamu ya mapokezi, la sivyo utafika mahali mtu anadai medali yake na wewe hujui ni ipi kati ya tatu zinazofanana.

Kila kitu kiingie kwenye daftari la mapokezi kabla hakijawekwa popote. Namba iwe na sehemu tatu: mwaka, mapokezi ya ngapi mwaka huo, na kitu cha ngapi katika mapokezi hayo. Kwa mfano 2025.4.2 ni kitu cha pili alicholeta mtu wa nne wa mwaka 2025. Andika ni zawadi au azima. Azima iwe na tarehe ya mwisho, mwaka mmoja au miwili, inayoweza kuongezwa. Usipokee azima ya "nitakuja kuichukua siku moja", kwa kuwa mwenyewe akifariki utajikuta katikati ya ugomvi wa ndugu. Eleza pia hali ya kitu siku ulipokipokea: mpasuko, kutu, doa. Kisha piga picha.

Namba haiandikwi juu ya kitu kwa kalamu ya wino mzito. Kwa jezi, andika namba kwenye kipande cha utepe wa pamba, ukishone kwa nyuzi chache ndani ya pindo. Kwa picha, tumia penseli laini upande wa nyuma, pembeni. Kwa vikombe na medali, funga lebo ya karatasi kwa uzi wa pamba.

Na jifunze kukataa. Mtu akileta vikombe kumi na vitano vya bonanza vya plastiki visivyo na habari yoyote, mshukuru, piga picha, andika habari zake, mrudishie. Chumba cha mita sita kwa tano kinabeba vizuri vitu arobaini hivi.

Hatua ya nne: chumba, na adui anayeitwa hewa ya bahari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa miji ya baridi na ukavu, na mtu wa Tanga, Pangani au Bagamoyo akiifuata atapoteza vitu vyake ndani ya masika mawili.

Hewa yetu ina unyevu mwingi na chumvi. Kuvu huanza kuota kwenye nguo, ngozi na karatasi unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda. Chumvi nayo hutua juu ya chuma na shaba, hunyonya unyevu, na kutu huanza. Kwa hiyo kabla ya kukubali chumba chochote, nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kiweke humo mwezi mzima, na andika namba asubuhi, adhuhuri na usiku. Ukipewa vyumba viwili vya kuchagua, usiangalie ukubwa, angalia namba hizo. Chumba cha ghorofa ya kwanza kilicho katikati ya jengo mara nyingi hushinda kile kizuri cha chini kinachotazama bahari. Epuka chumba kinachopakana na choo, kilicho chini ya tangi la maji, au chenye ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Panda juu ya dari uangalie bati kwa macho yako.

Kiyoyozi kinaonekana kama jibu, na sisi tulidhani hivyo. Kiliwashwa saa mbili asubuhi, kikazimwa saa kumi jioni ofisi zikifungwa. Chumba kikapoa mchana, usiku hewa yenye joto na unyevu ikapenya na kutua juu ya vyuma baridi kama umande juu ya majani. Medali zilizokaa miaka ishirini ndani ya sanduku la nguo la mtu bila kudhurika zikaota madoa ya kijani kwa miezi michache mikononi mwetu. Niliumia sana siku ile, kwa sababu mwenyewe alikuwa ametuamini. Kama huwezi kuwasha kiyoyozi usiku na mchana, bora usikiwashe kabisa. Tumia feni kusogeza hewa, na mapambano ya unyevu yafanyie ndani ya makabati yanayofungika vizuri, kwa silika jeli, ile ya vipakti vidogo tunavyovikuta ndani ya maboksi ya viatu. Inauzwa kwa kilo pia. Nunua inayobadilika rangi: ikishiba unyevu hubadilika, unaipasha kwenye oveni kwa joto la nyuzi 120 hivi, na inarudi kazini.

Madirisha ya upande wa baharini yabaki yamefungwa. Upepo wa kusi na wa kaskazi ni mzuri barazani, lakini chumbani humu unaleta chumvi. Jua nalo zuia kwa pazia zito la kitambaa cheupe lenye bitana. Nguo, picha na karatasi zinatakiwa mwanga wa laksi 50 tu, kiasi cha sebule yenye taa moja hafifu. Zipo programu za simu zinazopima mwanga kwa makadirio, nazo zinatosha kukuonyesha kona yenye hatari. Weka taa za LED, na zizimwe mgeni akitoka.

Hatua ya tano: makabati

Sasa mwite fundi, na umwambie mapema kwamba hutaki harufu. Mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, zile mafundi wanazoita MDF, na plaiwudi mpya hutoa mvuke wa tindikali ambao ndani ya kabati lililofungwa hula madini na karatasi. Kabati la fremu ya aluminiamu na kioo ndilo salama zaidi kwetu, tena mchwa hawalitaki. Ukilazimika kutumia mbao, lipake rangi ya maji pande zote, ndani na nje, kisha liache wazi wiki nne au zaidi. Kipimo changu ni hiki: funga mlango usiku mmoja, asubuhi fungua na uingize pua. Ukisikia harufu ya rangi au gundi, bado.

Vioo viwe vya usalama, vya milimita 6. Miguu iliinue kabati sentimita kumi kutoka sakafuni ili kufagia, kukagua mchwa, na kunusuru vitu siku maji yatakapoingia. Ndani usitandike zulia, sponji wala raba. Sufu na raba hutoa salfa inayofanya fedha iwe nyeusi. Tandika kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kwa maji ya moto bila marashi ya nguo. Ni rahisi, kipo kila duka la vitambaa barabara ya kumi na mbili na jirani zake, na rangi yake inapendeza na vikombe.

Hatua ya sita: kila kitu na matunzo yake

Vikombe. Usivisugue kwa dawa ya kung'arisha. Vingi vimepakwa tabaka jembamba tu la fedha au dhahabu, na kila usuguaji unaliondoa. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ukiwa umevaa glavu, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi na alama ya dole gumba itajitokeza baada ya miezi kama imechongwa.

Jezi zinastahili subira. Usifue jezi ya zamani kabla hujajua habari zake. Tulipokea jezi yenye udongo mwekundu wa uwanja wa milimani, na mwenyewe alisisitiza kwamba ule udongo ni wa mechi ya mwisho kabla hajavunjika mguu. Udongo ule ni nusu ya kumbukumbu. Kama unashuku wadudu, funga jezi ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza la kawaida wiki mbili, kisha iache irudi kwenye joto la chumba ndani ya mfuko huo huo kwa siku nzima kabla ya kuufungua. Usiitundike kwenye hanga la waya wala kuipigilia pini. Ilaze kwenye ubao ulioinama kidogo, mikunjo ikiwa imejazwa kitambaa cha marekani kilichoviringishwa, na kila miezi minne ibadilishe na nyingine ipumzike gizani.

Daluga za ngozi zijazwe karatasi laini isiyo na wino ili zisibonyee. Za kisasa zenye soli za sponji zitamong'onyoka tu hata ukizitunza, hivyo zipige picha mapema pande zote. Mpira usijazwe upepo hadi ugumu, weka kiasi cha kuupa umbo. Kanda za video na kaseti zipeleke kwa fundi zinakiliwe mwaka huu huu. Na filamu za picha zikianza kunuka siki, zitenge na nyingine siku hiyo hiyo.

Hatua ya saba: mpangilio

Chora chumba kwa chaki uwanjani kwa vipimo vyake halisi. Weka viti badala ya makabati. Kisha waite watu watano wapite, mmoja wao awe na kiti cha magurudumu, mwingine awe mtoto wa darasa la tatu. Njia isipungue sentimita 90, na pawe na angalau sehemu moja ya mita moja na nusu ambapo kiti kinaweza kugeuka. Katikati ya picha za ukutani iwe kama sentimita 145 kutoka sakafuni. Makabati ya kulaza vitu yasizidi sentimita 80, mtoto aone.

Kitu cha kwanza machoni mwa anayeingia kiwe kimoja tu. Sisi tulichagua kamba ya mkonge ya mchezo wa kuvuta kamba, imechakaa, ina mafundo mawili. Kila mtu wa Tanga anaujua mkonge. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na mkoa huu uliishi kwa zao hilo kwa vizazi. Kamba ile inamwambia mgeni, kabla ya kusoma chochote, kwamba hapa ni wapi na kwamba mikono ya watu iliumia. Tumeiacha ncha moja nje ya kioo, ishikwe.

Usipange kwa miaka peke yake, wala usiwape wanawake kona yao. Panga kwa safari: kuchaguliwa, mazoezi, basi, mchezo, kurudi. Kila hatua ina soka, pete, riadha, wavu na kikapu vikiwa pamoja, wanawake kwa wanaume, wa zamani kwa wa sasa.

Ukuta mmoja mwembamba uonyeshe chuo kiko wapi katika historia pana. Weka mwaka 1948, klabu ya soka ya Coastal Union ilipoanzishwa, na 1988 klabu hiyo, Wagosi wa Kaya, ilipotwaa ubingwa wa Tanzania, kwa sababu mgeni wa mjini atauliza tu. Weka 1959, michezo ya vyuo vikuu duniani ilipochezwa Turin, Italia, kwa jina la Universiade. Weka 1980, Suleiman Nyambui alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow, na ueleze kwamba alikuwa mwanafunzi aliyekimbia kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Mwanafunzi wako ataona kwamba kitabu na kiatu vilikwenda pamoja.

Namba za michezo hazisemi kitu mpaka mwili uzihisi. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Hiyo ni mita saba kwa kila sekunde. Tuna korido ya mita 14, tumepaka mistari miwili na kuandika: "Bayi angepita hapa kwa sekunde mbili, kisha angerudia mwendo huo zaidi ya mara mia." Watoto wanaijaribu kutwa nzima. Mwaka 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, alimzidi wa pili kwa sekunde 0.03. Weka saa ya kubonyeza mezani, mgeni aiwashe na kuizima haraka awezavyo. Wengi hawafiki hata hapo.

Hatua ya nane: lebo

Lebo ni Kiswahili kwanza. Tafsiri ikihitajika ikae chini, kwa herufi ndogo zaidi. Maneno yasizidi 60, herufi ziwe za ukubwa wa 24 kwa lebo za kabatini, nyeusi juu ya karatasi isiyong'aa. Anza na mtu.

Lebo mbaya inasema: "Kijiti cha mbio za kupokezana. Mali ya Idara ya Michezo." Hiyo hiyo ikiandikwa upya: "Wasichana wanne, raba jozi mbili. Wa kwanza alivua zake akampelekea wa tatu huku wa pili akikimbia. Kijiti hiki kilipita mikononi mwao wote bila kuanguka." Hakuna sifa wala neno "shujaa". Tukio lenyewe limebeba.

Msomee aliyekupa kitu hicho lebo yake kabla ya kuichapa. Atasahihisha jambo, kila mara.

Hatua ya tisa: kufungua na kuendelea

Kabla ya siku ya ufunguzi, katembelee wengine. Hapa mjini kuna makumbusho ya Urithi Tanga ndani ya Boma la zamani, na Bagamoyo kuna yale ya Misheni Katoliki, iliyoanza mwaka 1868, ambako utaona jinsi jengo nene la pwani linavyotunza vitu. Angalia wanavyofunga milango, wanavyowasha taa, wanavyomkaribisha mgeni. Washauri wa Makumbusho ya Taifa waandikie mapema.

Siku yenyewe, wachezaji waweke vitu vyao kabatini kwa mikono yao. Hotuba ziwe fupi, wazee wamekaa.

Kisha panga zamu. Kila Jumatatu kusoma kipima unyevu na kuandika. Kila mwezi kukagua mchwa, mende na panya kwa tochi. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, kupasha silika jeli yote upya. Funguo ziwe seti mbili, watu wawili, majina yao ukutani. Na mlangoni pawe na daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa ajili ya wageni wanaojua jambo usilolijua.

Kombe la mpira wa pete tuliliweka peke yake, bila maua. Kwenye lebo tuliandika majina sita tuliyokuwa tumeyapata kwenye karatasi ya posho iliyochanika pembe, na chini yake: "Aliyevaa GA, herufi za mmoja wa wafungaji, hatujamjua bado. Ukimjua, andika kwenye daftari mlangoni." Wiki ya tatu baada ya kufungua, mama mmoja anayeuza vitumbua nje ya geti aliingia kupumzika na jua, akasoma polepole, akatoka hadi mlangoni. Mlinzi anasema alisimama na kalamu kwa muda. Aliandika jina kamili la shangazi yake, akaongeza: "Yupo hai, yuko Pangani, anaumwa miguu tu." Jumamosi iliyofuata tulimfuata kwa gari la chuo, na simu yenye chaji.